Bunduki ya mwaka 1862: je, bado inaweza kuwinda kulungu?

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Tanga na huu ni mwaka wa kumi ninaishi Pennsylvania. Baba mkwe amenikabidhi bunduki ya kushindilia, yaani ile inayojazwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu, iliyokuwa ya babu wa babu yake. Kwenye bamba la mtambo wake pamechapwa tai, maneno U.S. SPRINGFIELD na mwaka 1862. Kwa macho mtutu unaonekana mzima. Mzee mwenyewe angependa niitundike ukutani, lakini shemeji zangu wananihimiza niingie nayo porini msimu wa kulungu. Je, inafaa kuwindia? Na ikiwa inafaa, nianzie wapi?

JIBU: Ndugu yangu, kwa maelezo yako hiyo ni Springfield ya muundo wa 1861, silaha ya kawaida ya askari wa miguu wa upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Ilitengenezwa kwa mamia ya maelfu, katika karakana ya serikali iliyokuwa Springfield, Massachusetts, na kwa makandarasi wengi, ndiyo maana hadi leo zinachomoka kwenye madari ya nyumba za watu. Nguvu ya kumwangusha kulungu inayo na ya ziada, kwa kuwa risasi yake ina uzito wa gramu 32 hivi na upana unaozidi milimita 14. Linalobaki kuulizwa ni kama mtutu wa bunduki hii moja, iliyo mikononi mwako, bado unaaminika, na kama wewe mwenyewe utakubali kumsogelea mnyama hadi umbali ambao bunduki hii inaumudu. Wengi hulishughulikia la kwanza na kulisahau la pili.

Kabla ya yote hakikisha kwamba haina risasi ndani. Huenda ukaona ajabu kuambiwa hivyo kuhusu kitu kilicholala miaka mia na sitini, lakini historia ya jimbo unaloishi inatosha kukuonya. Baada ya mapigano ya Gettysburg, Julai 1863, ziliokotwa bunduki zaidi ya 27,000, na taarifa inayonukuliwa sana inasema takriban 24,000 kati yake zilikuwa bado zimeshindiliwa, nyingi zikiwa na risasi mbili au zaidi zilizopandana, kwa sababu askari aliyechanganyikiwa na makelele hakutambua kwamba bunduki yake haikulipuka mara ya kwanza. Kwenye benchi yangu zimewahi kufika mbili za namna hiyo, zote kutoka kwa watu walioapa kwamba ni mapambo tu. Baruti nyeusi iliyokaa pakavu haizeeki kama unga wa mahindi. Cheche moja huiamsha.

Namna ya kukagua ni rahisi. Elekeza mdomo wa mtutu mahali salama, kisha chomoa mdeki, yaani ile fimbo ya kushindilia, na uuteremshe taratibu ndani ya mtutu mpaka ugote chini. Zungushia kipande cha utepe pale unapokutana na mdomo wa mtutu. Utoe, uulaze kwa nje sambamba na mtutu, utepe ukiwa usawa wa mdomo, uone ncha yake inafika wapi. Ikiwa inafika karibu na kifa, yaani kile kichuguu cha chuma kinachovikwa fataki (kikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa na nyundo na kuwasha baruti), hakuna kitu ndani. Ikiishia vidole vitatu au vinne kabla ya hapo, kuna kitu kimekaa, na kitu hicho usijaribu kukitoa kwa moto wala kwa kukigongagonga. Mpelekee fundi aliyezoea bunduki za kushindilia, naye ataloweka baruti kwanza kisha aivute risasi kwa parafujo maalumu.

Ukishajua kwamba ni tupu, anza kuuchunguza mtutu. Mtutu kamili wa muundo huu una urefu wa inchi 40, yaani zaidi kidogo ya mita moja, na ndani una mifuo mitatu inayozunguka ili kuipa risasi mzunguko. Bunduki nyingi za vita hivyo ziliuzwa kwa bei ya kutupa baada ya vita, zikafutwa mifuo na mara nyingine kukatwa, ili wakulima wazitumie kwa marisau ya kuwindia ndege. Ikiwa yako ilipitia mkono huo, haitapiga risasi moja kwa usahihi wa kutosha kumwinda kulungu, na shauri linaishia hapo. Teremsha taa ndogo ndani utazame. Madoa madogo ya kutu ni ya kawaida na hayanitishi sana. Ninachokihofia ni pete, yaani mahali ambapo mtutu umevimba kidogo kuuzunguka wote, alama ya kwamba siku moja mtu alipiga huku risasi haijafika chini. Utaisikia pete kwa kidole kwa nje, au utaiona kwa ndani kama kivuli cha duara.

Sehemu isiyoonekana ndiyo inayohitaji fundi zaidi. Kizibo cha nyuma ya mtutu kimefungwa kwa hesi, na hapo pamoja na kwenye hesi za kifa ndipo chumvi za baruti zilipokula chuma kwa miongo mingi bila mtu kufahamu. Mtutu wenyewe si wa chuma cha pua cha leo. Ni bamba la chuma laini lililokunjwa likaungwa kwa moto urefu wake wote. Kwa kazi yake ya awali uliungwa vizuri, lakini hukujuana na mtu aliyeutunza tangu siku hiyo. Mwambie fundi afungue kifa, amulike kizibo kwa kamera nyembamba, na ajaribu pia nyundo: ukiivuta nusu, isianguke hata ukibana kifyatulio kwa nguvu. Nyundo inayoteleza kwenye nusu yake imeshaumiza watu wengi waliodhani wako salama.

Sasa baruti, na hapa sina lugha ya upole. Katika bunduki hii hutiwa baruti nyeusi, au mbadala uliotengenezwa mahususi kwa ajili ya silaha za aina hii, kama Pyrodex, kwa vipimo vya mtengenezaji wake. Baruti isiyo na moshi, ile ya risasi za kisasa, haimo kabisa katika orodha, hata kijiko, hata kwa kuchanganya. Baruti nyeusi huwaka kwa mwendo ambao haubadiliki sana hata ikibanwa, lakini isiyo na moshi kadiri inavyobanwa ndivyo inavyozidi kuwaka haraka, na shinikizo lake hupanda kupita mbali kile ambacho chuma kilichokunjwa mwaka 1862 kinaweza kuvumilia. Mitutu iliyopasuka niliyowahi kuonyeshwa, karibu yote, haikupasuka kwa uzee. Aliyeijaza alikosea kopo. Usiweke makopo ya aina mbili kwenye rafu moja.

Kipimo cha jeshi kilikuwa greni 60, kwa kipimo cha wapiga bunduki, ambazo ni karibu gramu 3.9. Kwa kulungu huhitaji kuzidisha. Kwa kweli bunduki nyingi za muundo huu hulenga vizuri zaidi kwa greni 50 au hata pungufu, na bega lako litashukuru. Chagua punje zilizoandikwa FFg kwenye kopo. Risasi iwe ya muundo wa Mfaransa Minié, yenye ncha butu na shimo kwa nyuma, ambayo Mmarekani James Burton wa karakana ya Harpers Ferry aliirahisisha katika miaka ya 1850. Ni nyembamba kidogo kuliko mtutu ili iteremke kwa urahisi, na moto unapowaka hulitanua pindo la lile shimo mpaka likashika mifuo. Kwa sababu hiyo ni lazima iwe ya madini ya risasi yasiyochanganywa na kitu, laini, ambayo ukucha unayachora. Ukiyeyusha vipande vya risasi ngumu vya kusawazishia magurudumu ya gari, pindo halitatanuka, na risasi itatoka ikipepesuka kama jani. Ipake mchanganyiko wa nta na mafuta ya ng'ombe. Nawa mikono kila umalizapo kuzishika.

Fundi akikuruhusu, risasi za kwanza zisipigwe na mtu. Bunduki ifungwe imara kwenye matairi ya zamani, ishindiliwe greni 40, na ifyatuliwe kwa kamba ndefu ukiwa nyuma ya kizuizi. Halafu ikaguliwe upya, irudiwe, na kipimo kipande hatua kwa hatua. Baadhi ya wenzangu huliona jambo hili kuwa ni woga. Mimi nimeliona mara moja likiokoa uso wa mtu, na sijali linaitwaje.

Katika kushindilia, utaratibu haubadiliki. Futa mafuta yote mtutuni na kwenye kifa, kisha piga fataki moja au mbili bila baruti ili unyevu uliobaki uungue; ukiuelekeza mdomo wa mtutu kwenye jani kavu na jani likaruka, njia iko wazi. Mimina baruti kutoka kwenye kipimo, kamwe usimimine moja kwa moja kutoka kwenye kopo au pembe, kwa maana cheche iliyobaki ndani ikiidaka, utakuwa umeshika bomu badala ya kijiko. Teremsha risasi mpaka ikalie baruti bila nafasi ya hewa kati yao, na uweke alama kwenye mdeki ili kila mara ujue imefika. Fataki huvikwa mwisho kabisa, ukiwa umeshakaa mahali pa kuwindia. Zile za bunduki hii ni kubwa, zenye kingo zilizotanuka kama kofia, kwa hiyo usinunue zile ndogo za bastola.

Nilijifunza hatua ya kukausha kifa kwa aibu. Alfajiri moja ya Oktoba, mvua nyepesi ikinyesha, kulungu jike alitoka kwenye mahindi akasimama hatua arobaini mbele yangu, ubavu wote wazi. Nyundo ilianguka, fataki ikalia "pa!" kama kiberiti kilichokanyagwa, na kimya. Usiku uliotangulia nilikuwa nimepaka mafuta na nikaona uvivu kuyafuta. Nilibaki nimeelekeza bunduki palepale nikihesabu hadi sitini, kwa sababu baruti yenye unyevu yaweza kuchelewa kisha ikawaka, huku yule mnyama akinitazama, akatikisa mkia, akaondoka bila hata kukimbia. Ikikutokea, hesabu kama nilivyohesabu, na usichungulie kamwe mdomo wa mtutu.

Kuhusu umbali, siku hizi watu wanataka kujua bunduki yao inafika wapi. Hii hufika mbali mno. Kisahani chake cha kulengea kina vibamba vya yadi 100, 300 na 500. Lakini risasi hutoka kwa mwendo wa mita 300 hivi kwa sekunde, pole kwa viwango vya leo, na njia yake hewani imepinda kama jiwe la kombeo. Ukiilenga ipige sawasawa kwenye yadi 100, yaani mita 91, basi kwenye mita 46 itapita sentimita 10 hivi juu ya shabaha, na kwenye mita 137 itakuwa imeshuka chini yake karibu sentimita 40. Moyo na mapafu ya kulungu mwenye mkia mweupe hayajazi duara la zaidi ya sentimita 20 hivi. Ukikosea kukadiria umbali kwa hatua thelathini tu, unamvunja mguu mnyama badala ya kumuua, naye atakwenda kufia mahali usipopajua. Kwa hiyo ninamwekea kila anayeanza mpaka wa mita 70, akiwa ameegemeza bunduki kwenye mti au fimbo, mnyama akiwa amesimama na ubavu wazi. Kabla hujapata kuweka risasi tatu mfululizo ndani ya sahani ya chai kwa umbali huo, huna kazi porini. Usikipige tupa kile kinundu cha kulengea kilicho mbele ya bunduki ili kurekebisha shabaha, wala usiing'arishe kwa msasa. Rangi yake ya uzee ni sehemu ya thamani yake, na ukiifuta hairudi.

Moshi nao ni jambo la kujifunza. Ukishafyatua, wingu jeupe linasimama mbele yako na humwoni mnyama tena. Wewe mtu wa Tanga huenda uliwahi kusikia kwa wazee habari za mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 kati ya Wajerumani na Waingereza: askari wengi wa jeshi la Wajerumani waliopigana pale walikuwa bado wanabeba Mauser ya muundo wa 1871, ya milimita 11, ya baruti nyeusi, na kila mlipuko ulimwonyesha adui mahali walipo, ndiyo maana bunduki za kisasa walizoziteka kwa Waingereza walizipokea kama zawadi. Kwako wewe hakuna adui, lakini hasara ni ileile ya kupoteza kuona. Inama mara moja, piga goti, utazame chini ya moshi, ambako hewa huwa wazi zaidi, uone ameelekea wapi na anatembea vipi. Kisha shindilia upya kabla hujasogea, na umpe nusu saa kabla ya kufuata damu.

Kwa upande wa sheria, sheria ya silaha ya shirikisho ya mwaka 1968 huihesabu bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake kuwa ni ya kale, na kuitoa katika masharti mengi ya ununuzi. Msamaha huo hauna uhusiano wowote na uwindaji. Utahitaji leseni ya Pennsylvania Game Commission, tume ya wanyamapori ya jimbo, na ikiwa hujawahi kuwinda, utahitaji pia kumaliza mafunzo ya wawindaji wapya. Halafu kuna mtego ambao shemeji zako huenda hawakukwambia. Msimu maarufu wa bunduki za kale wa jimbo hilo, ule unaoanza baada ya Krismasi na ulioanzishwa mwaka 1974, ni wa gumegume peke yake, yaani bunduki inayowashwa kwa jiwe. Yako huwashwa kwa fataki, kwa hiyo hairuhusiwi humo. Itakubidi uitumie katika wiki ya bunduki za kushindilia ya Oktoba, ambayo ni ya kulungu wasio na pembe na ina leseni yake ya nyongeza, au katika msimu wa kawaida wa bunduki mwishoni mwa Novemba. Utavaa pia vazi la rangi kali ya machungwa lisilopungua inchi za mraba 250 kichwani, kifuani na mgongoni. Tarehe hubadilika kila mwaka; zisome kwenye kijitabu cha mwaka husika, usitegemee kumbukumbu ya jirani.

Usafi haungojei kesho. Zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi haigeuki kuwa hewa, bali hubaki kama masizi na chumvi zinazovuta unyevu, na wewe uliyekulia pwani unajua chumvi inavyolifanya bati. Siku hiyohiyo, hata kama umechoka na kulungu bado hajachunwa, fungua kifa, teremsha maji ya moto yenye sabuni, sugua kwa kitambaa kilichozungushwa kwenye mdeki mpaka kitoke cheupe, suuza kwa maji ya moto zaidi ili chuma kipate joto la kujikausha, kisha paka mafuta. Asubuhi yake pitisha kitambaa kingine. Kikitoka na rangi ya chai, rudia yote.

Nimalizie na mzee. Kabla ya kununua kalibu ya risasi, mwombe fundi apime upana wa ndani wa mtutu na akuandikie tarakimu, kwa sababu mitutu hii inatofautiana na risasi inatakiwa ipungue kidogo sana tu. Kipimo hicho pamoja na hali ya kizibo mpelekee baba mkwe, kwa kuwa bunduki imetoka mikononi mwake na anastahili kujua kinachokusudiwa. Mtutu ukikataliwa, au mzee akishikilia kwamba itundikwe, itundike. Watengenezaji wa Italia kama Pedersoli hutoa nakala za muundo huohuo zenye mtutu mpya uliojaribiwa, zinazoshindiliwa na kusafishwa vilevile, nawe unaweza kuanza nazo uwanjani hata wiki ijayo wakati ile ya 1862 ikisubiri zamu yake kwa fundi.